Profesa wa karanga aliyeanza maabara kwa vitu vya jalalani

WENGI waliowahi kusikia jina la George Washington Carver wanamfahamu kwa jambo moja tu, kwamba ni yule Mmarekani mweusi aliyetengeneza vitu 300 kutokana na karanga. Wengine huongeza kuwa ndiye aliyevumbua siagi ya karanga.

Hilo la siagi si kweli. Mtu mmoja wa Montreal, Kanada, alikuwa amepewa hataza ya Marekani ya kusaga karanga kuwa rojo tangu mwaka 1884, wakati Carver alikuwa bado anahangaika kutafuta chuo cha kumpokea. Na hilo la vitu 300, ingawa lina msingi wake, ndilo lililomfaidia mkulima kidogo kuliko mengine yote aliyoyafanya.

Kilichomfaidia mkulima kilikuwa kazi ya kila siku isiyo na kishindo: matembezi ya alfajiri msituni, mboji ya majani, kunde zilizopandwa kwenye udongo uliochoka, kijitabu chenye maneno mepesi na gari la maonyesho lililomfuata mkulima kijijini kwake. Mtu huyu alikuwa pia mchoraji, mpiga piano na fundi wa kufuma, na ukiichunguza kazi yake huwezi kusema kwa urahisi utafiti uliishia wapi na sanaa ikaanzia wapi.

Carver alizaliwa utumwani karibu mwaka 1864, katika shamba la Moses Carver huko Diamond, jimbo la Missouri. Akiwa bado mchanga alitekwa pamoja na mama yake na genge la wezi wa watumwa. Mtoto alirudishwa, na husimuliwa kuwa aliyemrudisha alilipwa farasi. Mama hakuonekana tena.

Kwa kuwa alikuwa mtoto wa kuuguaugua, hakupelekwa kwenye kazi nzito za shamba. Alibaki nyumbani akajifunza kupika, kufua, kushona na kufuma. Muda uliobaki alikuwa porini akichimbua mimea na kuihamishia kwenye kibustani chake, hadi majirani wakaanza kumletea maua yao yaliyonyauka ayatibu.

Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kikamkataa alipofika na kuonekana rangi yake. Mwaka 1890 alipata nafasi katika Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, na huko hakwenda kusoma kilimo bali uchoraji na piano. Alijilipia kwa kuwafulia nguo wanafunzi wenzake.

Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, ndiye aliyemgeuza njia. Aliona jinsi kijana huyo anavyochora mimea, kila mshipa wa jani mahali pake, naye alikuwa na wasiwasi kama mtu mweusi angeweza kuishi kwa kuuza picha. Baba wa mwalimu huyo alikuwa profesa wa kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha jimbo, huko Ames. Carver alihamia huko mwaka 1891, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi, akapata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya uzamili mwaka 1896, akijikita zaidi kwenye kuvu wanaosababisha magonjwa ya mimea.

Picha hakuziacha. Mwaka 1893 mchoro wake wa mimea ya yuka na kakti ulitajwa kwa heshima katika Maonyesho ya Dunia ya Chicago.

Ames alikuwa akitembea porini na mtoto wa profesa mmoja, akimwonyesha majani na nyasi. Mtoto huyo, Henry A. Wallace, baadaye alikuwa Waziri wa Kilimo wa Marekani na kisha Makamu wa Rais. Mwaka 1926 ndiye aliyeanzisha kampuni ya mbegu chotara za mahindi ya Pioneer, ambayo mifuko yake mkulima wa Afrika Mashariki ameiona katika maduka ya pembejeo.

Ekari 10 na deni la duka

Mwaka 1896 Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee iliyokuwa ikisomesha vijana weusi katika jimbo la Alabama, alimwita aongoze idara ya kilimo kwa mshahara wa dola 1,000 kwa mwaka pamoja na chakula na makazi. Carver alitoka kwenye udongo mweusi wa Iowa akaingia kwenye ardhi iliyolimwa pamba, na pamba tena, hadi mvua ikachimba makorongo.

Maabara haikuwapo. Aliwachukua wanafunzi wake wakaenda kupekua jalalani, wakarudi na chupa, mitungi ya matunda, sufuria kuukuu na vipande vya waya. Chupa ya wino iliyotiwa utambi ikawa jiko la kuchemshia dawa za maabara. Kikombe kizito kikawa kinu. Mwaka uliofuata jimbo lilikubali kuanzisha kituo cha utafiti shuleni hapo na kutenga dola 1,500 kwa mwaka, na Carver akaanza na shamba la ekari 10.

Ili kuelewa kwa nini ekari hizo 10 zilikuwa na maana, ni lazima kwanza kutazama mfuko wa mkulima aliyekuwa akimhudumia.

Wakulima wengi weusi wa Alabama hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la mtu na kugawana naye mavuno. Mbegu, unga, nyama ya chumvi na mbolea walichukua dukani kwa mali kauli, wakaweka rehani pamba ambayo ilikuwa bado haijaota. Mwenye duka alitaka pamba na si kitu kingine, kwa sababu pamba hailiwi na huuzika wakati wowote. Riba ilikuwa kubwa, na siku ya hesabu mara nyingi mkulima aliambiwa kuwa bado anadaiwa. Msimu uliofuata alianza akiwa na deni la msimu uliopita. Mnunuzi wa mazao anayekopesha pembejeo kisha akapanga bei mwenyewe si jambo geni kwa wasomaji wa kurasa hizi.

Mtaalamu anayemwendea mkulima wa namna hiyo na kumshauri anunue mifuko miwili ya mbolea anamwongezea deni, hata kama ushauri wake ni sahihi kabisa kitaalamu. Carver alilielewa hilo mapema kuliko wataalamu wengi wa wakati wake, na hapo ndipo utafiti wake ulipochukua sura ya pekee. Swali lake lilikuwa mkulima asiye na senti mfukoni anaweza kufanya nini kesho asubuhi, ilhali wenzake walishindania mavuno makubwa kwa gharama yoyote.

Majani ya msituni hayauzwi. Tope la kinamasi halina mwenyewe. Alivikusanya vitu hivyo, akavirundika pamoja na samadi, akavitia shambani na kuandika matokeo. Aidha, alipanda kunde, na baadaye karanga na soya, kwa kupokezana na pamba.

Siri ya mimea ya jamii ya kunde ilikuwa imefahamika Ulaya miaka michache tu kabla. Kwenye mizizi yake huota vinundu vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mabaki ya mmea yakibaki shambani, zao linalofuata hupata mbolea ambayo hakuna aliyeilipia. Hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa karanga hulisahau: karanga hung'olewa pamoja na mizizi yake, na kama majani nayo yanauzwa kuwa malisho, naitrojeni nyingi huondoka na mkokoteni. Anayetaka udongo wake upone ni lazima arudishe mabaki hayo shambani au arudishe samadi ya ng'ombe aliyeyala.

Mwaka 1905 alitoa kijitabu kuhusu namna ya kufufua udongo uliochoka. Kabla ya hapo alikuwa ametoa vingine, cha kwanza mwaka 1898 kikiwa kuhusu kulisha mifugo mbegu za mti wa mwaloni zilizoanguka msituni bure. Hadi anafariki dunia vilikuwa vimetoka zaidi ya 40. Kijitabu cha mwaka 1916 kinaeleza namna ya kulima karanga na njia 105 za kuzipika, kuanzia supu na mkate hadi keki. Mume alisoma upande wa kulima, mke upande wa kupika, na mwalimu wa shule ya kijijini akapata cha kufundisha.

Mtazamo huo wa mapishi una uchumi ndani yake. Karanga anazokula mkulima ni karanga ambazo mwenye duka hakuziona. Kila mlo uliotoka shambani ulipunguza mstari mmoja kwenye daftari la mali kauli. Kwa sababu hiyohiyo alihimiza kufuga kuku na nguruwe, kukausha matunda, kuhifadhi viazi vitamu na kula mboga za porini, jamaa za mchicha na mlenda wa kwao, ambazo watu walizidharau kama magugu. Alikuwa akizichuma katika matembezi yake ya alfajiri. Aliamka saa 10 usiku na kuingia msituni peke yake, akirudi na mimea, mawe na udongo, na karibu kila siku alichomeka ua kwenye koti lake.

Udongo huo nao ulikuwa na kazi. Mchoraji aliyekuwa ndani yake aliona rangi mahali ambapo wengine waliona tope: nyekundu, njano, zambarau, buluu. Aliuchuja na kuusaga mfinyanzi huo akautengenezea rangi za kuchorea, kisha mwaka 1911 akatoa kijitabu cha kuwafundisha watu wa kaunti ya Macon kupaka nyumba zao chokaa na rangi kwa udongo wa hapohapo kwao. Nyumba ya mpangaji masikini ikapendeza bila kopo hata moja la rangi kutoka dukani.

Si kila alichokigusa kilinawiri. Washington alikuwa bosi mkali aliyetaka hesabu, na Carver hakuwa mtu wa hesabu za ofisini. Banda la kuku la shule lilimsumbua kwa miaka. Mwaka 1904 kamati ya shule ilieleza kuwa taarifa zake za kuku zilikuwa zimetiwa chumvi, jambo lililomuumiza sana. Mwaka 1910 kazi ya kuendesha idara ya kilimo ilikabidhiwa mtu mwingine, na yeye akabaki na utafiti. Pengine shule ingefanya hivyo mapema zaidi, kwani mtafiti mzuri na meneja mzuri ni nadra kupatikana katika mtu mmoja.

Gari lililokwenda kijijini

Kijitabu hakimfai asiyejua kusoma. Carver alikuwa na mazoea ya kuchukua gari la kukokotwa na mnyama mwishoni mwa wiki, kupakia mbegu na zana na kwenda vijijini kuzungumza na wakulima. Mwaka 1906 Washington alimpata mfanyabiashara wa benki wa New York, Morris K. Jesup, akatoa fedha za kutengeneza gari maalumu lenye majembe ya kukokotwa, chombo cha kusukia maziwa, mbegu na sampuli za udongo. Liliitwa Gari la Jesup.

Baadaye lilikabidhiwa kwa Thomas Campbell, kijana aliyesoma hapohapo Tuskegee. Mwaka huohuo Wizara ya Kilimo ya Marekani ilimwajiri, akawa bwana shamba wa kwanza mweusi wa wizara hiyo. Gari lilifika kijijini, likachagua shamba la mwenyeji mmoja, majirani wakaitwa na kazi ikafanywa mbele ya macho yao. Wakulima wa Afrika Mashariki waliopitia shamba darasa wataitambua njia hiyo. Mwaka 1923 lilipohitajika gari kubwa la moto, wakulima weusi wenyewe walichangia kulinunua.

Wakati huo balaa lilikuwa limekwisha kuingia. Fukusi wa vitumba vya pamba alivuka kutoka Mexico kuingia Texas mwaka 1892, na katika miaka ya 1910 alienea Alabama yote. Mashamba ya pamba yaliliwa vitumba vyake kabla havijafunguka.

Masimulizi ya mitaani husema Carver aliwaambia watu walime karanga, wakalima, wakaokoka. Kwa kweli mambo hayakwenda kirahisi hivyo. Katika kaunti ya Coffee, ambako mwaka 1919 mji wa Enterprise ulimjengea fukusi huyo mnara kwa kuwalazimisha watu kuachana na pamba peke yake, mkulima alihamia karanga pale mfanyabiashara mmoja mwenye mtaji alipoleta mbegu na kuahidi kununua mavuno. Elimu ya Carver ilikuwa imesambazwa kwa miaka mingi, lakini zao jipya lilishika kasi lilipopata mnunuzi wa uhakika na wakopeshaji walipoona kuwa pamba haiwezi tena kuwa dhamana.

Kwa mfanyabiashara mdogo hapa pana somo kubwa kuliko lile la vitu 300. Carver mwenyewe alikuwa na hataza tatu tu, alizozipata kati ya mwaka 1925 na 1927 kwa vipodozi na rangi, na hakuna iliyofanikiwa sokoni. Kampuni zilizoanzishwa kuuza bidhaa zake hazikufika mbali. Vitu vingi katika orodha yake ya 300 vilikuwa mapishi, au vitu vilivyokwisha kufahamika, au vitu ambavyo kanuni yake hakuiandika kikamilifu. Kutengeneza kitu mezani ni kazi ya siku chache. Kukitengeneza kwa bei ambayo mnunuzi ataacha kile alichozoea ni kazi nyingine kabisa.

Unga wa viazi vitamu ulionyesha hilo waziwazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ngano ilipokuwa adimu, Tuskegee walichanganya unga wa viazi vitamu kwenye mikate yao, na mwanzoni mwa mwaka 1918 serikali ilimwita Carver mjini Washington aonyeshe namna ya kuutengeneza. Vita ilipokwisha na ngano ikarudi, hamu hiyo ilikufa. Wauza mikate wa Afrika Mashariki waliowahi kuchanganya unga wa muhogo ngano ilipopanda bei wanaijua hesabu hiyo.

Hata hivyo, orodha hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa bunge. Mwaka 1920 alialikwa na chama cha wafanyabiashara wa karanga mjini Montgomery, watu weupe ambao wengi hawakutarajia kumsikiliza mtu mweusi. Aliwaonyesha maziwa ya karanga na bidhaa nyingine, nao wakavutiwa.

Januari 1921 walimpeleka mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikijadili ushuru wa forodha, kwani karanga za bei nafuu kutoka China na Japani zilikuwa zikiwaumiza sokoni. Alipewa dakika 10. Mbunge mmoja alimtania kwa kejeli ya rangi yake. Carver hakujibu kwa hasira, akaendelea kutoa chupa na vifurushi kwenye sanduku lake kimoja baada ya kingine. Muda wake uliongezwa mara kadhaa, na mwishowe mwenyekiti, Joseph Fordney, akamwambia aendelee atakavyo. Sheria ya ushuru iliyopitishwa mwaka 1922 ililinda karanga za Marekani. Bila shaka mlaji ndiye aliyelipa tofauti ya bei, kama ilivyo kwa kila ushuru wa namna hiyo, lakini mkulima wa Alabama alipata kupumua.

Kuanzia hapo magazeti yalimfanya kuwa mfalme wa karanga. Miaka ya 1930 zilipoandikwa habari kuwa anawasugua kwa mafuta ya karanga wagonjwa waliolemaa kwa polio, watu walimiminika Tuskegee. Huenda kule kukandwa kulisaidia misuli, lakini mafuta yenyewe hayakuwa dawa. Sifa za namna hiyo zilimpendeza kuliko ilivyompasa, na hakujitahidi sana kuzisahihisha.

Karanga hizohizo zina historia nyingine Tanganyika, na ukiziweka pamoja utaona thamani ya njia ya Carver. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ikilenga ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yaliletwa kabla ya udongo na mvua za Kongwa kuchunguzwa ipasavyo. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, mashine zikavunjika, na mradi ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo walijua tabia ya mvua zao. Carver alianza na ekari 10 na akapima kila msimu.

Alichoshindwa ni deni. Mboji haikumpa mpangaji hati ya ardhi, wala kunde hazikubadilisha mizani ya mwenye duka. Carver aliepuka siasa, na wapo waliomlaumu kwa hilo, wakisema mkulima alihitaji sheria kuliko mapishi. Wana hoja. Lakini mtu aliyekula viazi na karanga za shamba lake wakati fukusi anamaliza pamba alikuwa na nafasi ya kungoja sheria hizo akiwa hai.

Carver hakuoa. Hundi za mshahara zilikaa kwenye droo yake kwa miezi bila kupelekwa benki, na alivaa suti kuukuu alizozitia viraka mwenyewe. Alifariki dunia Tuskegee tarehe 5 Januari 1943, na akiba yake, karibu dola 60,000, ilikwenda kwenye mfuko wa utafiti aliouanzisha mwaka 1940. Picha zake ziliwekwa katika jumba la makumbusho la shule, na moto wa mwaka 1947 uliteketeza nyingi. Kile kijitabu cha karanga cha mwaka 1916 kilikuwa kimefikia toleo la saba mwaka 1940, na kurasa zake za kwanza bado zilikuwa zikieleza jambo lilelile: namna ya kuandaa shamba, nafasi ya kupandia na wakati wa kuvuna.